Namna ya kuitafuta historia ya mji mdogo wa Kusini mwa Marekani: nilivyofanya Tuskegee

Bibi niliyekuwa nikimhudumia Montgomery, Alabama, alinipokea siku ya kwanza ya kazi kwa swali moja: "Watu wako ni akina nani?" Hakutaka kujua nchi wala dini. Alitaka ukoo. Nikamjibu kama ninavyomjibu mzee yeyote: jina la baba, la babu, na walikotokea kabla hawajahamia pale tulipozaliwa sisi. Akaridhika, akaanza kunitajia wake: mama yake, bibi yake mzaa mama, mashamba ya pamba ya Kaunti ya Macon, nje kidogo ya mji wa Tuskegee. Alipofika kwa mama wa bibi yake akanyamaza. "Hapo ndipo ninapoishia," akasema.

Nikaanza kumtafutia usiku uleule, kwa simu, yeye akiwa amelala. Nilikuwa nimefundisha historia sekondari kabla ya kuhamia Marekani, kwa hiyo nilidhani kazi ni ya wiki mbili. Imekuwa miaka sita, na siku zangu nyingi za mapumziko zimeishia barabarani kati ya Montgomery na Tuskegee, kama maili 40 kuelekea mashariki. Njia niliyoipata naiandika hapa kwa Mswahili yeyote anayetaka kuujua mji mdogo wa Kusini, awe anaishi humo au yuko mbali na ana simu tu. Mfano wangu ni Tuskegee, mji wenye watu wasiofika 10,000, lakini hatua hizi zinafaa mji wowote kuanzia Virginia hadi Mississippi.

Anzia kwa jina kubwa, kisha mtafute aliyekuwapo kabla yake

Kila mji mdogo wa Kusini una jina moja linalotangulia mengine yote. Tuskegee ni Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani Virginia na kufika hapa Juni 1881 kuanzisha chuo cha ualimu kwa watu weusi. Ukisoma vibao vya barabarani utadhani alikuta pori. Hakukuta pori. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuuliza: nani alimwita?

Ukiuliza hivyo unakutana na Lewis Adams. Alikuwa fundi bati, fundi viatu na mtengenezaji wa hatamu za farasi, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1842 na kujua kusoma na kuandika bila kuingia darasani. Uchaguzi wa 1880 ulipokaribia, W. F. Foster, mzungu aliyetaka kiti cha seneti ya jimbo, alimwendea Adams kuomba kura za watu weusi. Adams hakuomba fedha wala cheo. Aliomba shule. Foster akashinda, akatimiza ahadi, na mwanzoni mwa 1881 bunge la Alabama likatenga dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu. Dola hizo hazikununua hata kiti, kwa sababu zilikuwa za mishahara peke yake. Adams na mfanyabiashara mzungu George W. Campbell, aliyewahi kumiliki watumwa, ndio waliosimamia kutafuta mwalimu mkuu, na barua yao ya kwenda chuo cha Hampton, Virginia, ndiyo iliyomleta Washington. Madarasa yakafunguliwa tarehe 4 Julai 1881 katika kibanda kando ya kanisa, wanafunzi 30. Mvua ikinyesha, mwanafunzi mmoja aliacha somo akamshikilia mwalimu mwavuli.

Fundi bati yule ndiye mlango wangu wa kuingilia mjini. Kwako anaweza kuwa mkunga, dereva wa nyumbu, mwenye duka. Mtafute kwa kusoma kumbukumbu za yule mashuhuri mwenyewe, ukipigia mstari kila mtu anayemshukuru. Washington alieleza habari za mwanamke mzee, wa umri wa miaka kama 70, aliyekuja akijikongoja kwa fimbo, nguo zake zimechakaa lakini safi, akamwachia mayai sita aliyokuwa ameyaweka akiba, yasaidie kusomesha vijana. Jina lake halimo. Mimi nimemwekea ukurasa wake katika daftari langu, juu nimeandika "mama wa mayai sita", na kila nikisoma orodha ya wazee wa Macon ya miaka ile namtafuta.

Kabla ya kuendelea, weka mpaka. Mji wenyewe ulianzishwa 1833, mwaka mmoja tu baada ya Mkataba wa Cusseta uliowanyang'anya Wamuscogee, wenyeji wa asili ambao wazungu waliwaita Creek, nchi yao mashariki mwa Alabama. Mwaka 1836 wengi wao walihamishwa kwa nguvu kwenda magharibi ya Mto Mississippi. Jina Tuskegee ni lao. Historia ya mji wa Kusini inayoanza na mzungu wa kwanza kujenga duka imeruka sura nzima, kwa hiyo andika sura hiyo hata kama ni fupi.

Sensa: isome kwa safu, si kwa jina

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, nami nitakaa. Tovuti ya kumbukumbu za koo ya FamilySearch ni ya bure, unahitaji kujisajili tu. Karatasi za sensa ya Marekani hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, kwa hiyo ya mwisho unayoweza kuisoma ni ya 1950, iliyotolewa Aprili 2022. Anza na hiyo, urudi nyuma miaka kumi kumi. Ukirukia zamani moja kwa moja utamshika mtu asiye wako mwenye jina kama la mtu wako.

Ya 1940 inasema mtu aliishi wapi mwaka 1935, na hilo husaidia sana, maana miaka ile maelfu ya watu weusi walikuwa wakihamia Chicago, Detroit na Cleveland. Ya 1900 ndiyo niipendayo. Inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na kwa kila mama inaandika amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Utakuta "9" na pembeni "5". Simama hapo. Watoto wanne walikufa, pengine walizaliwa na kufa katikati ya sensa mbili, na huenda hakuna karatasi nyingine duniani inayosema walikuwapo, kwa sababu Alabama haikuandikisha vizazi na vifo vya jimbo zima mpaka 1908. Ya 1890 usiitafute. Karibu yote iliharibika katika moto uliozuka jijini Washington mwaka 1921, kwa hiyo kuna miaka ishirini ya giza kati ya 1880 na 1900. Giza hilo utaliziba kwa vitabu vya ndoa na hati za ardhi.

Kisha unafika kwenye ukuta. Fungua ukurasa wa orodha ya watumwa ya 1860. Juu limeandikwa jina la mmiliki. Chini yake kuna mistari: 1, umri 34, mwanamke, B. 1, umri 12, mwanamume, M. B ni mweusi, M ni chotara. Ukurasa unajaa hivyo hadi chini, watu themanini wasio na jina. Nilipoufungua mara ya kwanza nilikuwa jikoni kwa Bibi, na niliufunga bila kumwonyesha. Nilimwonyesha mwezi mmoja baadaye, alipouliza mwenyewe.

Watafiti wengi wa familia za watu weusi huruka kutoka ukuta huo hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika wote waliokuwa utumwani kwa majina. Alabama ina daraja katikati: daftari la wapiga kura la 1867. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyokomesha utumwa, sheria za Bunge la Marekani zililazimisha wanaume weusi waandikishwe kupiga kura, na idara ya nyaraka ya jimbo iliyoko Montgomery imeliweka daftari hilo katika mfumo unaoweza kutafutwa kwa jina. Humo, miaka miwili tu baada ya utumwa, mwanamume anasimama kwa jina lake na jina la ukoo alilolichagua. Lisome kabla ya 1870. Usidhani jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho. Wengine walichukua la mmiliki wa zamani, wengine la baba aliyeuzwa mbali, wengine walijitungia.

Mama wa bibi yake Bibi nilimpata katika sensa ya 1870. Miaka 11, kazi shambani, alama kwenye safu ya asiyejua kusoma na nyingine kwenye safu ya asiyejua kuandika. Nikamwona mwanamume mkubwa wa nyumba ile, nikaandika: baba. Nikampelekea Bibi, akafurahi, akawapigia watoto wake simu. Nilikosea. Sensa ya 1870 haielezi uhusiano wa watu wanaoishi pamoja. Safu hiyo ilianza 1880. Nilipofika 1880 nikamkuta msichana yuleyule, sasa ana miaka 21, bado katika nyumba ileile, na pembeni limeandikwa neno la mtoto wa ndugu. Yule alikuwa mjomba au baba mdogo. Ikanibidi nirudi kwa Bibi na kumwambia nimempa babu asiye wake. Tangu siku hiyo sikubali uhusiano wowote mpaka karatasi mbili zilizoandikwa na watu tofauti ziukubali, na nakuomba ufanye hivyohivyo kabla hujamfurahisha mtu.

Ofisi ya kaunti, na hati moja iliyonifundisha yote

Huko Alabama hati za ardhi na wosia zinatunzwa na ofisi ya jaji wa mirathi katika jengo la mahakama ya kaunti. Hati zina fahirisi mbili, moja ya wauzaji na moja ya wanunuzi. Tafuta jina lako katika zote mbili. Ardhi haielezwi kwa jina la kijiji bali kwa namba za mraba: kila sehemu ni ekari 640, robo yake ekari 160. Nakili namba hizo kama zilivyo, kisha tafuta ramani ya kaunti uone shamba liko upande gani wa kijito. Kwa watu waliokuwa utumwani, wosia wa mwenye shamba na orodha ya mali yake alipokufa ndipo majina yanapojitokeza kabla ya 1865. Yanaandikwa katikati ya nyumbu na majembe, pamoja na bei. Jiandae moyo kabla ya kufungua.

Nilipofika Tuskegee mara ya kwanza nilishangaa. Mji ambao karibu wakazi wake wote ni weusi, na katikati ya uwanja wake mkuu imesimama sanamu ya askari wa Confederate, jeshi lililopigania utumwa uendelee. Nikauliza watu kwa nini hawaiondoi. Wengi wakasema mji unaogopa, wengine wakasema hakuna fedha. Jibu limo katika hati. Mwaka 1906 kaunti iliwapa kiwanja kile United Daughters of the Confederacy, chama cha wanawake wa kizungu waliotukuza upande ulioshindwa, kiwe kumbukumbu ya wanajeshi wao na bustani ya wazungu. Katikati ya mji, na si mali ya mji. Wakili Fred Gray, mkazi wa Tuskegee aliyewahi kumtetea Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi la Montgomery, amelipeleka suala hilo mahakamani akiwa amepita miaka 90. Kwa hiyo ukiona jambo mjini lisiloeleweka, kabla ya kuuliza watu wanafikiri nini, uliza ardhi ni ya nani na aliipataje.

Ramani nazo zisome kwa makini uleule. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto kuanzia karne ya 19, mtaa kwa mtaa. Nyumba ya mbao imepakwa njano, ya matofali waridi. Utaona kinyozi, zizi la farasi, ghala la pamba, na ukilinganisha miaka utaona duka la mbao likigeuka la matofali. Tatizo ni kwamba mchoraji mara nyingi aliishia pale mitaa ya wafanyabiashara wazungu ilipoishia. Ukingo wa ramani wenyewe ni habari.

Mpaka wa Tuskegee una kisa chake. Mpaka 1957 mji ulikuwa umbo la mraba. Watu weusi wapatao 400 walikuwa wamefaulu kujiandikisha kupiga kura, wengi wao walimu wa chuo na wafanyakazi wa hospitali ya maveterani, na wazungu wakaona wanakaribia kushindwa. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuchora mpaka upya, ukawa umbo la pande 28 lenye kujipinda kama kipande cha kioo kilichovunjika. Wapiga kura weusi karibu wote, isipokuwa wanne au watano, wakajikuta nje ya mji waliolala humo usiku uliotangulia. Hakuna mzungu hata mmoja aliyetolewa. Charles Gomillion, mwalimu wa sosholojia chuoni, aliongoza wananchi kususia maduka ya wazungu na kwenda mahakamani, Fred Gray akiwa wakili, na Novemba 1960 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki kwa kauli moja. Weka ramani mbili, ya kabla na ya baada, juu ya meza moja. Mtoto wa darasa la tano anaelewa bila maelezo.

Magazeti, na mtu aliyeyakata

Magazeti ya zamani yako mengi mtandaoni bila malipo katika mkusanyiko wa Chronicling America. Yale ya wazungu ya Kusini yaliwataja watu weusi wakishtakiwa au wakifa, na baada ya jina yaliweka "col." katika mabano, kifupi cha "colored", yaani mtu mweusi. Tafuta kifupi hicho pamoja na jina la kijiji. Tafuta pia jina likiwa limekosewa, kwa sababu kompyuta inayosoma wino uliofifia hukosea herufi. Kisha nenda kwenye magazeti ya watu weusi ya Chicago na Pittsburgh, yaliyokuwa na habari za miji midogo ya Kusini: nani kasafiri, nani kaoa, nani kamtembelea dada yake.

Tuskegee aliishi bingwa wa kazi hii, na wageni wachache wanamjua. Monroe Work, mtoto wa waliokuwa watumwa, alifika chuoni 1908 akaanzisha idara ya kumbukumbu na utafiti. Yeye na wasaidizi wake walikata magazeti kila siku, wakayapanga kwa mada. Kila mtu aliyeuawa na kundi la watu bila hukumu walimtafutia tarehe, mahali na jina. Hesabu za Tuskegee za mwaka 1882 hadi 1968 zinafikia watu 4,743, weusi 3,446. Nikikata tamaa kwa sababu nimetumia Jumamosi nzima na kupata jina moja, namkumbuka Work na mkasi wake.

Makaburi na makanisa

Nenda asubuhi wakati wa baridi, nyasi zikiwa zimelala na nyoka hawatembei. Piga picha jua likiwa pembeni, herufi zilizofutika hutoa kivuli. Usisugue jiwe kwa brashi ya chuma wala kulimwagia kemikali. Maji tu na brashi laini. Mahali pasipo na jiwe si lazima pasiwe na kaburi. Angalia ardhi iliyobonyea urefu wa mtu, mimea iliyopandwa kwa mkono, kombe za baharini na vyombo vilivyovunjwa juu ya udongo, desturi ya zamani ya watu weusi wa Kusini.

Na usiliamini jiwe peke yake. Mwandishi Zora Neale Hurston amezikwa Fort Pierce, Florida, chini ya jiwe lililowekwa na mwandishi mwenzake Alice Walker mwaka 1973 linalosema alizaliwa 1901. Zora mwenyewe alisema kwao ni Eatonville, Florida. Lakini alizaliwa Januari 1891 katika kijiji cha Notasulga, mwendo mfupi kaskazini ya Tuskegee, akahamishwa akiwa mdogo sana. Alipofika utu uzima alijipunguzia miaka kumi ili akubaliwe shule ya sekondari, na miaka hiyo haikumrudia tena, hata kaburini. Jiwe limewekwa kwa upendo wa kweli, na bado tarehe si sahihi.

Kwenye kanisa, tazama jiwe la msingi kwenye kona ya ukuta. Lina jina la mchungaji na wadhamini, pengine na la fundi mwashi. Kisha waulize wenye kanisa kama wana vijitabu vya maadhimisho na vya mazishi. Kijitabu cha mazishi huwa na wazazi, ndugu, shule na waliobeba jeneza, na kina mama wengi wa kanisa wameviweka kwenye mfuko chini ya kitanda.

Usisahau shule za mashambani. Washington na tajiri wa Chicago Julius Rosenwald walianza mwaka 1913 kwa shule chache karibu na Tuskegee, na hadi 1932 zilikuwa karibu 5,000 katika majimbo ya Kusini. Wanakijiji weusi walichanga fedha zao, mbao na nguvu zao, na orodha za michango zikipatikana huwa na majina ambayo hayamo popote pengine.

Kwa wazee, heshima kwanza

Huku mtu mzima haitwi jina tupu. Ni Miss au Mister na jina lake la kwanza, na jibu la swali lake ni "yes, ma'am" au "yes, sir". Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupati shida. Usiende na kinasa sauti siku ya kwanza. Nenda kanisani, kaa mpaka chakula, osha vyombo. Utaulizwa watu wako ni akina nani. Jibu kwa ukamilifu, kwa sababu ukiwapa ukoo wako nao watakupa wao. Siku ya pili peleka picha, si maswali. Mimi nilichapisha ramani ya mtaa ya miaka ya 1920 kwa karatasi kubwa, nikaitandaza mezani. Mzee wa miaka 91 aliweka kidole kwenye mraba mdogo wa njano akasema, "Hapa palikuwa kwa shangazi, alikuwa anauza samaki wa kukaanga Ijumaa." Nilikuwa nimeuliza habari za shangazi huyo mara tatu bila ramani, akawa hakumbuki.

Yapo maumivu ambayo hutayauliza moja kwa moja. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 wa Kaunti ya Macon, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ikawaambia wanatibiwa "damu mbaya" na ikawaacha bila tiba, hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana. Fred Gray aliwafungulia kesi, serikali ikakubali mwaka 1974 kulipa dola milioni 10, na Rais Clinton akaomba radhi Mei 1997. Watu wengi husema serikali iliwachoma sindano ya ugonjwa. Si hivyo; walikuwa nao tayari, wakanyimwa dawa. Sahihisha hilo katika maandishi yako, kwa sababu ukweli wenyewe unatosha kuishtaki serikali. Na usichapishe jina la mtu wa ukoo wa mmoja wao kabla ya kupata ruhusa kutoka kwake kwa maandishi. Familia moja ilinisimulia kila kitu kisha ikaniomba nisiandike. Sijaandika.

Visa vitamu navyo vichuje. George Washington Carver, aliyefika 1896 na kufundisha hapa mpaka kifo chake Januari 1943, hakubuni siagi ya karanga. Alichofanya ni kikubwa zaidi kwa mkulima maskini: alimwonyesha kwamba pamba imeinyonya ardhi, na kwamba karanga na kunde zinairudishia rutuba na, pamoja na viazi vitamu, zinamlisha, kisha akapeleka mafunzo hayo mashambani kwa gari la kukokotwa. Vivyo hivyo kwa marubani weusi, karibu 1,000, waliofunzwa Tuskegee kati ya 1941 na 1946. Ilisemwa miaka mingi kwamba hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Rekodi za jeshi zilipochunguzwa zilionyesha zilipotea zaidi ya 20, idadi ndogo kuliko ya vikosi vingi vingine. Wastaafu niliosikia wakisimulia hawakupungukiwa na chochote.

Nani ni mtu wa mji?

Hapa watu hugombana, kwa hiyo amua kabla. Mimi nilichora safu nne: aliyezaliwa, aliyelelewa, aliyepita, aliyebaki. Rosa Parks alizaliwa Tuskegee tarehe 4 Februari 1913, akaondoka akiwa mdogo. Yuko safu ya kwanza tu. Mwanamuziki Lionel Richie alizaliwa na kukulia pembeni ya chuo, na kundi lake la muziki la Commodores liliundwa hapo 1968. Mwandishi Ralph Ellison alifika 1933 akidandia treni za mizigo ili asome muziki, akaondoka 1936. Washington na Carver, wote wageni, wamezikwa karibu karibu katika makaburi ya chuo, wao walibaki.

Safu ya nne ndiyo niliyoipa kurasa nyingi. Robert R. Taylor, mhitimu wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts mwaka 1892, alichora majengo mengi ya chuo, na wanafunzi wakayajenga kwa matofali waliyoyachoma wenyewe. Tanuru tatu za kwanza ziliharibika; kwa ya nne Washington aliweka saa yake rehani Montgomery kwa dola 15. Olivia Davidson, mwalimu, alizunguka mjini nyumba kwa nyumba kuomba keki na kuku wa kuuza hadi mkopo wa shamba ukalipwa. Sammy Younge, mwanafunzi wa miaka 21, aliuawa Januari 1966 baada ya kutaka kutumia choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Mwaka uleule, kwa kura zilizolindwa na sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, Lucius Amerson alichaguliwa sherifu wa Macon, mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo Kusini tangu zama za baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe.

Ukifika hapa, andika. Kila sentensi iwe na karatasi yake: jina la kitabu cha hati, namba ya ukurasa, tarehe ya gazeti, au jina la aliyekusimulia na siku. Chapisha nakala chache kwa karatasi za kawaida, moja maktaba ya mji, moja kila kanisa lililokusaidia, moja kila nyumba iliyokukaribisha. Mwisho wa kijitabu acha kurasa tatu tupu, juu yake andika "Nilipokosea", na uweke kalamu.

Nakala ya kwanza ilirudi kutoka kanisani baada ya mwezi na nusu. Ukurasa wa kwanza mtupu ulikuwa umejaa mwandiko wa watu watatu. Mmoja amesahihisha jina la mchungaji. Mwingine ameniambia kaburi nililoandika halina mtu ni la watoto mapacha. Wa tatu ameandika jina la mwanamke, 1870, na kijito, na neno "mkunga". Kesho Jumamosi naenda mahakamani kwa njia ya mtandao kuangalia kama kijito hicho kimo katika hati, kisha Jumatatu nitakwenda mwenyewe.